Nuno Álvares Pereira, Geraldo Sem Pavor au Gualdim Pais: nani abebe mada ya klabu yetu ya historia?

MwalimuPangani (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Klabu ya historia ya shule yetu imepewa zamu ya kuwasilisha mtu mmoja wa Zama za Kati. Vijana wangu wanawajua Wareno kuanzia 1498, Vasco da Gama anapotia nanga Mombasa na Malindi. Ukiwauliza Wareno walikuwa nani kabla ya hapo, wanatazamana. Ndiyo maana safari hii nataka tuanzie nyuma. Kabla hawajaja kutupiga mizinga, wao wenyewe waliponaje wasimezwe na majirani zao?

Nimebakiwa na majina matatu. Nuno Álvares Pereira (1360–1431), amiri jeshi wa Mfalme João I. Geraldo Sem Pavor, yaani Geraldo Asiye na Hofu, mteka miji wa karne ya 12. Na Gualdim Pais, mkuu wa Watemplari (shirika la watawa wapiganaji) wa Ureno, aliyejenga ngome ya Tomar na kufariki 1195.

Tuna dakika 40 pamoja na maswali. Naegemea kwa Nuno, ila nachelea atageuka hadithi ya vita vya Aljubarrota (1385, Wareno dhidi ya Wakastilia) peke yake: wachache wakawapiga wengi, makofi, tukanywe chai. Mnashaurije?

KahawaChungu

Mwalimu, chukua Nuno, lakini usianzie Aljubarrota. Anzia nyumbani kwao.

Baba yake, Álvaro Gonçalves Pereira, alikuwa mkuu wa shirika la kijeshi la Hospitali nchini Ureno, mtu aliyeapa kutooa. Hata hivyo alikuwa na watoto wengi. Babu yake, Gonçalo Pereira, alikuwa askofu mkuu wa Braga. Kwa hiyo Nuno alizaliwa nje ya ndoa katika ukoo wa watu wa dini wenye mali na panga, na mfalme akamhalalisha mwaka uliofuata. Akiwa na miaka 13 yuko ikulu, na 16 anaozwa Leonor de Alvim, mjane tajiri.

Oktoba 1383 Mfalme Fernando anafariki bila mtoto wa kiume. Binti yake Beatriz ni mke wa Juan wa Kwanza, mfalme wa Kastilia, ufalme wa Kihispania ulio jirani. Maana yake Ureno inaelekea kuwa mkoa wa jirani. Desemba, João, mkuu wa shirika la Aviz na ndugu wa marehemu kwa baba (ndiye atakayekuwa Mfalme João I), anamuua Andeiro, bwana mkubwa aliyekuwa kipenzi wa malkia mjane, ndani ya ikulu ya Lisbon, na mji unalipuka. Makabaila wengi wakubwa wanashika upande wa Kastilia, kwa sababu kisheria ndio wenye haki. Nuno, kijana wa miaka 23, anaenda kwa João.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo vijana wako watakaa kimya: ndugu zake walibaki upande wa pili. Aprili 1384 pale Atoleiros, karibu na Fronteira, katika jeshi lililomkabili alikuwamo kaka yake Pedro. Mwaka uliofuata, Aljubarrota, Pedro aliuawa akipigania Kastilia, na ndugu mwingine, Diogo, naye hivyo hivyo. Mshindi mkuu wa siku ile alikuwa na misiba miwili ya kwao.

Hiyo peke yake inatosha dakika 40.

MtuWaMaskat

Assalaam alaykum. Ndugu KahawaChungu kasema vizuri, lakini mimi nampigia debe Geraldo, na nina sababu.

Huyu tunaye kwa kalamu ya adui yake. Ibn Sahib al-Salat, mwandishi wa Al-Muwahhidun, dola ya Kiislamu iliyotawala Moroko na kusini mwa Hispania, alimwandika kwa chuki na bado hakuweza kuficha kwamba alikuwa hodari. Anasema Geraldo alikuwa akitoka usiku wa mvua na giza na upepo, amebeba ngazi ndefu za mbao za kuzidi ukuta. Anapanda kwanza mwenyewe, anamkamata mlinzi aliyelala na kumlazimisha aitikie kama kawaida ili wenzake wasishtuke. Halafu watu wake wanapanda, wanapiga ukelele mmoja, na mji umekwisha.

Kwa mtindo huo mwaka 1165 alichukua Trujillo, Évora na Cáceres. Mwaka uliofuata Montánchez, Serpa na Juromenha. Hakuwa na jeshi la mfalme wala mizinga (haikuwapo bado), alikuwa na ngazi na watu waliomwamini. Nembo ya mji wa Évora hadi leo ina mpanda farasi, na wenyeji wanasema ni yeye.

Na mwisho wake, Mwalimu, ni mchungu kuliko wa Nuno. Mwaka 1169 alishambulia Badajoz na Mfalme Afonso Henriques akaja kumsaidia. Fernando wa Pili wa León, Mkristo mwenzao, akaja kuwasaidia Waislamu, kwa kuwa Badajoz aliihesabu yake. Afonso akavunjika mguu langoni akikimbia, wakakamatwa yeye na Geraldo, na miji mingi ikatolewa kama fidia. Baadaye Geraldo aliyepoteza kila kitu akaenda Sevilla kumtumikia khalifa yule yule aliyekuwa akimwibia miji. Akapelekwa Moroko, akashukiwa kuwasiliana na Afonso kwa siri, akauawa.

Watoto wakisoma hapo wataacha kudhani kwamba zama zile zilikuwa Msalaba upande huu na Hilali upande ule, basi.

Ngalawa_mbili

Kwa hiyo aliyekuwa haogopi kitu aliogopa njaa 😂 Naweka kambi hapa.

HojaKwanza

Wakuu, naomba nitie mchanga kidogo.

Habari nyingi tunazozijua za Nuno zinapitia kwa Fernão Lopes, mtunza nyaraka wa mfalme. Mwaka 1434 Mfalme Duarte, mtoto wa João wa Kwanza, ndiye aliyempa kazi ya kuandika habari za wafalme. Analipwa na ukoo uliopata kiti kwa upanga wa Nuno. Ni mwandishi mzuri mno, lakini wakili naye huandika vizuri.

Angalia hesabu. Atoleiros, Wareno hawafiki 1,500 na Kastilia kama 5,000, na inasemwa hakufa Mreno hata mmoja. Hata mmoja? Aljubarrota, 14 Agosti 1385, Wareno wanakadiriwa 6,500 hivi, na Wakastilia wanapandishwa hadi 30,000 na kupita.

Ila ukitoa chumvi yote, kinachobaki bado ni kikubwa, na hicho ndicho ningefundisha: namna alivyopanga. Pale Atoleiros aliwashusha watu wake kwenye farasi wakasimama kwa miguu, mikuki mbele, wakasubiri wapanda farasi wa Kastilia waje wenyewe. Aljubarrota walichagua kilima chenye vijito pande mbili, kiasi kwamba adui mwingi hawezi kujipanua. Wakastilia walipoona mlima mgumu wakazunguka ili waje kwa upande mwingine, na Wareno nao wakageuza uso wa jeshi zima na kuhamia mahali pengine pa kusubiri. Wakachimba mashimo na mitaro, wakaweka wapiga mishale kwenye mbavu, wakiwamo Waingereza. Jua kali, mwezi wa nane, jeshi la Kastilia limetembea kutwa, mkia wake bado uko njiani, na waliotangulia, wengi wao Wafaransa, wakashambulia jioni bila kungoja. Kabla ya giza mfalme wa Kastilia, ambaye alikuwa mgonjwa, yuko mbioni kuelekea Santarém.

Mashimo hayo si ngano. Wanaakiolojia walianza kuyafukua mwaka 1958 katika uwanja wa São Jorge wakayakuta kwa mamia, yamepangwa safu safu.

Lisilopendeza pia lisemwe. Mateka wengi wa wimbi la kwanza waliuawa hapo hapo, kwa hofu kwamba wimbi la pili lingekuja wakiwa bado hawajafungwa.

BintiKisauni

Nyie wanaume mmemsahau Gualdim kabisa, masikini.

Mie ni wa Mombasa, Fort Jesus iko karibu nasi, kwa hiyo nasoma habari za Wareno nikitazama inakoishia. Gualdim alianza kujenga Tomar mwaka 1160. Alikuwa amekaa miaka Nchi Takatifu akaona ngome za huko, akarudi na ujuzi. Ukuta wa Tomar umetanuliwa chini kwa mteremko, kusudi wachimbaji wasiufikie msingi na ngazi zisikae vizuri. (Mtu wa ngazi za Geraldo angepata tabu hapo.) Mwaka 1190 jeshi la Yaqub al-Mansur, khalifa wa Al-Muwahhidun, lilipoizingira, mzee ana miaka sabini na kitu, na ngome haikuanguka. Kuna jiwe la maandishi linalosema walikuja wapanda farasi 400,000 na wa miguu 500,000, wakakaa siku sita. Kaka HojaKwanza, hapo sasa weka chumvi yako.

Kwa nini namtaja? Watemplari walipovunjwa, mali zao Ureno zikapewa shirika jipya la Kristo mwaka 1319, na baadaye makao yakawa Tomar hiyo hiyo. Msalaba wa shirika hilo ndio uliokuwa kwenye matanga ya Wareno waliokuja kwetu.

Ila Mwalimu, hata Nuno anafika Mombasa ukimfuata vizuri. Katika watoto wake alibaki binti mmoja, Beatriz. Mwaka 1401 akaolewa na Afonso, mtoto wa nje wa Mfalme João, na huyo Afonso ndiye mtawala wa kwanza wa Bragança. Ukoo wa Bragança ukakalia kiti cha Ureno 1640. Waomani walipoizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, mfalme wa Ureno alikuwa Pedro wa Pili, wa damu ya Nuno. Kijana wa Tanga au wa Mombasa hahitaji sababu nyingine ya kumjali.

MtuWaMaskat

Bibie, hapo umenifunga mdomo. Fort Jesus ukiitaja, sisi wa huku lazima tusalimu amri 😄

MkutubiSongea

Tumsifu Yesu Kristo, wenye kuitikia.

Naona hamjagusa nusu ya pili ya maisha yake, na kwangu ndiyo inayomtofautisha na hao wawili. Kanisa Katoliki linamwita Mtakatifu Nuno wa Mtakatifu Maria. Alitangazwa mwenye heri 1918 na mtakatifu 26 Aprili 2009, na Benedikto wa 16. Wengi huishia hapo: alikuwa shujaa, akawa mtawa, amina.

Katikati pana ugomvi wa ardhi. Baada ya vita João alimpa vyeo na mashamba hadi akawa bwana mkubwa kuliko wote baada ya mfalme: Kaunti (yaani bwana wa jimbo) wa Ourém, wa Barcelos, wa Arraiolos. Nuno akagawa sehemu ya ardhi hiyo kwa wenzake aliopigana nao. Katika miaka ya 1390 mfalme akaona amejipunguzia ufalme kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kuzitaka ardhi zirudi kwa kuzinunua. Nuno alikasirika kiasi cha kutishia kuhama nchi na watu wake. Yaliishia kwenye mapatano, na wenzake wengi wakahamishiwa upande wa mfalme. Hapo unamwona mtu, siyo sanamu. Ana deni kwa askari wake na ana deni kwa mfalme, na ardhi ni ile ile moja.

Mkewe alikuwa ameshafariki, na hakuoa tena. Monasteri ya Karmeli pale Lisbon aliianza 1389. Mwaka 1415 bado alikwenda kwenye vita vya Ceuta, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini ambao Wareno waliuteka, akiwa na miaka 55. Amani na Kastilia ilikuwa imetiwa saini 1411, na hakukuwa tena na cha kumshikilia. Mwaka 1423 akagawa vyeo na mali kwa wajukuu, akaingia monasteri ile aliyoijenga, akiwa ndugu wa kawaida tu, hata upadre hakutaka. Akafia humo mwaka 1431.

Inasimuliwa kwamba balozi wa Kastilia alimtembelea akamuuliza kama angevua kanzu ile kwa sababu yoyote. Akajibu ataivua mfalme wa Kastilia akija tena na vita, na akamwonyesha deraya aliyoivaa ndani yake. Iwe kweli au ngano, hiyo waachie wanafunzi wabishane.

Jengo lilianguka katika tetemeko la 1755 na kaburi likaharibika. Matao yamebaki wazi bila paa, sasa ni makumbusho.

HojaKwanza

Mkutubi, hapo pa ardhi nimekuvulia kofia. Ningeongeza moja: Valverde. Oktoba 1385, miezi miwili baada ya Aljubarrota, Nuno aliingia ndani ya Kastilia bila mfalme na akazingirwa karibu na Mérida. Vita vimepamba moto, watu wanamtafuta kamanda, wanamkuta amepiga magoti kati ya miamba anasali. Akamaliza, akapanda, wakavunja safu, na mkuu wa shirika la Santiago akauawa. Kama kweli ilikuwa hivyo, ni utakatifu, au ni kamanda anayejua kwamba askari wakimwona hana haraka nao watatulia? Mimi najua jibu langu.

MwalimuPangani (mleta mada)

Wakuu, nimewasoma wote, mbarikiwe.

Nimeamua hivi. Nuno ndiye, ila Aljubarrota itapata dakika tano na mchoro mmoja wa kilima, vijito na mashimo. Ndugu wawili wa upande wa pili ndio watakaofungua. Ugomvi wa ardhi nampa kundi la wasichana wa kidato cha tatu, wana ulimi, wagawane: hawa wa mfalme, hawa wa Nuno. Geraldo atakuwa mfano wa kulinganisha: aliteka miji mingi na hakubakiwa hata na mmoja. Gualdim, dada BintiKisauni, utanisamehe, nampa ubao wa matangazo nje ya darasa.

Swali la mwisho. Tukifika kwenye Fort Jesus mtu atauliza: basi Nuno alikuwa mtetezi wa nchi yake au babu wa wavamizi wetu? Nijibuje?

BintiKisauni

Vyote viwili, na wala usiwapoze. Mwambie aliyeuliza ahesabu mwenyewe: kutoka Aljubarrota hadi Ceuta ni miaka 30, na Nuno alikuwepo kote kuwili.

Ngalawa_mbili

Mwalimu, siku ya mjadala wa ardhi tuwekee sauti humu. Mimi niko upande wa askari.