Mada: Gari la Marekani au la Ujerumani, kwa anayefikiria kurudi Mombasa

Kutoka Houston

Asalaam aleikum wana wa pwani, popote mlipo.

Nina swali kwa wapenda magari ya mbio. Mimi naendesha Dodge Challenger yenye injini ya V8, lita 6.4, nguvu za farasi 485, na naipenda. Mimi na mke wangu tumeanza kuzungumzia kurudi nyumbani, Nyali, mwakani Mungu akipenda. Sasa shemeji yangu aliye Stuttgart kila tukipigiana simu ananiambia gari la Marekani ni ngurumo tu, lajua kwenda moja kwa moja na kona halizijui, na ati niliuze nichukue BMW M4 kabla sijarudi. Sijakubali. Nisaidieni: lipi bora kati ya haya, na lipi naweza kulipakia mpaka bandari ya Kilindini?

Kutoka Stuttgart

Shemeji, waaleikum salaam. Kwa kuwa swali limeletwa mbele za watu, na jibu nalitoa papa hapa.

Sijasema gari la Marekani ni baya. Nimesema kila gari hufuata barabara iliyolilea. Huko kwenu barabara ni pana, zimenyooka, mafuta ni nafuu, na watu hupimana kwenye robo maili, yaani mita 402 kutoka taa hadi mstari. Kwa mashindano ya aina hiyo injini kubwa yenye torki nyingi (nguvu ya kuvuta) kutoka chini ndiyo mwisho wa maneno. Huku Autobahn ina sehemu ambazo hazina kikomo cha mwendo, kuna kasi ya kilomita 130 tu inayopendekezwa. Mtu aweza kuwa kwenye 220, na mbele yake lori likahamia njia yake. Gari la hapa lazima liweze kushuka kutoka kasi hiyo mara moja, kisha lirudie tena baada ya dakika mbili, breki zisichemke wala usukani usitetereke. Kwa hiyo Mjerumani huanza na breki, upoozaji wa oili na uimara wa bodi, nguvu hufuata baadaye. Ukikaa ndani ya Porsche 718 Cayman, injini iko nyuma ya mgongo wako katikati ya gari, ukaingia kona ya mvua, utaelewa ninachosema bila mimi kukushawishi.

Halafu kuna Nordschleife, ule mzunguko wa uwanja wa mbio wa Nürburgring wa kilomita 20.8. Siku za wazi mtu yeyote mwenye leseni hulipa akaingia. Porsche 911 GT3 RS ilizunguka hapo kwa dakika 6:49.328 mwaka 2022. Na nitasema haki: Ford walileta Mustang GTD mwaka 2024 wakapata 6:57.685, gari la kwanza la kampuni ya Marekani kushuka chini ya dakika saba. Siku ile nilifurahi kwa dhati. Mmarekani sasa anazijua kona, isipokuwa gari hilo si lile ambalo mimi na wewe tutalinunua.

Kwa vijana wanaopanga kuja Ujerumani na wanaota magari haya, someni kabla ya kuota. Leseni ya Kenya hutumika miezi sita tu tangu uhamie, baada ya hapo ni mtihani wa barabarani kwa Kijerumani chao, na wa nadharia kwa Kijerumani au lugha nyingine zinazokubaliwa, na Kiswahili si mojawapo. Bima huangalia miaka uliyoendesha bila kudai fidia, na mgeni huanzia chini kabisa, kwa hiyo M4 kwa mtu aliyefika jana hugharimu bima ya kutisha. Kila miaka miwili gari hukaguliwa na TÜV au wenzao. Ukibadilisha rimu au ekzozi bila kibali kuandikwa kwenye karatasi za gari, gari hupoteza ruhusa ya kuwa barabarani. Na ukileta gari lililotumika kutoka Marekani, zile taa nyekundu za kuashiria kona kwa nyuma hubadilishwa ziwe za rangi ya chungwa kabla halijasajiliwa. Kwa Nürburgring soma mkataba wa bima yako, maana mikataba mingi haigusi ajali ya pale, na ukigonga vyuma vya pembeni utalipia vyuma hivyo mwenyewe.

Kutoka Kizingo, Mombasa

Wanangu, salaam. Nimesoma yote mawili kwa raha kubwa, maana haya ndiyo mapenzi yangu tangu ujana na kazi yangu ya kila siku ni kutoa magari bandarini. Lakini mmebishana juu ya injini na kona, na suala la kwanza hapa kwetu ni usukani.

Wewe wa Houston, Challenger yako haiji. Dodge waliacha kuitengeneza Desemba 2023, na miaka yote haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto ila yale ya kazi maalumu. Utasikia mafundi wakikuambia usukani huhamishwa. Kweli huhamishwa, lakini fikiria kinachoguswa: dashibodi nzima, pedali, mfumo wa breki, nyaya, mabomba ya hewa baridi, na ukuta wa chuma kati ya injini na dereva. Gari la nguvu za farasi 485 ambalo ukuta wake umekatwa na kuchomelewa upya, mimi mwanangu simpandishi humo.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye faida yako. Mkenya anayerudi kuishi nyumbani husamehewa ushuru wa gari moja, akiwa ameishi nje angalau miaka miwili, na ziara zake za nyumbani katika muda huo zisipite siku 90 kwa jumla. Gari lenyewe liwe lake na awe amelitumia huko angalau miezi 12. Na kwa kuwa nchi kama Marekani na Ujerumani hutumia usukani wa kushoto, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, inakuruhusu uuze gari lako la huko na ulete jingine la usukani wa kulia, mradi thamani yake isizidi ya lile uliloliuza. Kwa hiyo Challenger haiji yenyewe, lakini yaweza kukufungulia mlango. Weka hati ya umiliki, bima za miezi hiyo yote na ushahidi wa kuuza. Watu hupoteza haki hii kwa kukosa karatasi.

Jambo la pili ni umri. Gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Litakalofika Kilindini mwaka 2026 liwe la 2019 au baadaye. Hakuna kuombana hapo, nimeona magari mazuri ya kulia machozi yakirudishwa.

Na kwa asiye na msamaha, ajue hesabu: ushuru wa forodha asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, juu ya yote hayo VAT asilimia 16. Injini ya petroli ambayo ujazo wake unapita sisi (cc) 3000 hulipa ushuru wa bidhaa asilimia 35, iliyo chini yake mpaka 1500 hulipa 25. Kwa Mustang ya lita 5.0, ukizipandisha moja juu ya nyingine, kodi inapita thamani ya gari, hata kabla ya tozo ndogondogo. Hapa namsifu Mjerumani: injini ya M4 huitwa ya lita tatu lakini haifiki sisi 3000, kwa hiyo inaangukia kundi la nafuu. Na thamani inayotumika ni ya orodha ya KRA, haijali wewe ulinunua kwa bei ya kutupa.

Baada ya hapo ndiyo tuzungumze lipi bora, na nitasema bila kuzungukazunguka. Kwa Mombasa, mimi nachagua Mustang GT ya lita 5.0.

Anza na joto. M4 ina tabo (turbo) mbili za kusukumia hewa kwenye injini, na tabo huishi kwa kupoozwa. Saa kumi na moja jioni uko Daraja la Nyali, magari hayasogei, hewa ina unyevu, joto la lami linapanda. Hewa inayoingia kwenye injini imeshapata moto, komputa inapunguza nguvu ili kuilinda, na lile gari ulilolipia pesa zote linakuwa la kawaida. V8 isiyo na tabo nayo huhisi joto, ila haitegemei upoozaji kiasi kile.

Pili, petroli, na hapa wa Marekani hudanganywa na nambari. Oktani ya pampu ya Texas ni wastani wa vipimo viwili, wakati Ujerumani na sisi huku husoma kipimo kimoja kiitwacho RON, ambacho hutoa nambari kubwa zaidi. 93 ya Houston ni karibu 98 ya Stuttgart. Injini za M za BMW hutengenezwa zikitarajia hiyo 98. Zikipewa ya chini hazifi, zinajirekebisha na kupoteza nguvu. Mustang ya 5.0 inakubali 87 ya Marekani, ambayo ni kama 91 au 92 ya huku. Ukipata mafuta mazuri zaidi inafurahi, usipopata inakwenda. Tena tangu 2018 injini ile hunyunyizia mafuta mahali pawili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali zake huoshwa na petroli. Injini inayonyunyizia ndani ya silinda peke yake hukusanya masizi kwenye vali, na jamu zetu za kuzima na kuwasha huyazidisha.

Shemeji mtu ana haki katika moja: mafundi. BMW na Mercedes tumeishi nazo, mjini hapa wapo wenye mashine za kusoma komputa zake na spea zake hupatikana. Spea ya Mustang utaiagiza na kusubiri. Lakini niulize, huku kona za M4 utazipata wapi? Barabara kuu kikomo hakizidi 110, mjini 50, na kati ya Bamburi na Mtwapa kuna matuta. Gari la kufurahisha kwa kilomita 60 kwa saa ndilo gari la Mombasa, na V8 hufurahisha hata ikiwa inatambaa Mama Ngina Drive Jumapili jioni, watoto wakikimbilia ukingoni kuisikiliza.

Corvette mpya, ile ya kizazi cha nane, ndiyo ya kwanza katika historia yake kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Nzuri mno. Ukiipata, hakikisha ina mfumo wa kuinua pua, la sivyo ngazi ya feri ya Likoni itaikwangua.

Tena magari haya mawili yameshapimwa na nchi hii kabla yenu. Mwaka 1964 Wamarekani walileta Mercury Comet kwenye Safari Rally, kundi zima, zikamaliza mbili tu. Mwaka 1978 Vic Preston Jr, mtoto wa Kenya, aliifikisha Porsche 911 nafasi ya pili. Kwa ubishi wa porini Mjerumani ameshinda, nakubali kwa moyo mweupe. Mimi nazungumzia Nyali hadi Kizingo.

Kutoka Birmingham

Mzee wangu shikamoo, na kaka wa Houston karibu. Ukikubali shauri la Mzee, Mustang ya usukani wa kulia utaipata huku Uingereza, Ford waliianza rasmi mwaka 2015. Nimewasaidia watu wa nyumbani kununua huku, basi zingatia haya. Historia ya ukaguzi wa MOT husomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa nambari ya gari, na kilomita zilizorukaruka utaziona hapo. Lipia pia uchunguzi wa deni na ajali, maana gari lenye alama ya Category S liliumia fremu. Na lazima liinuliwe uone chini: barabara za hapa humwagwa chumvi wakati wa baridi. Gari lililoanza kutu Birmingham likipelekwa kwenye hewa ya bahari ya Nyali, halitangoja. Kabla ya kusafirishwa hukaguliwa na wakala wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, hukuhuku, na ile sehemu ya V5C (hati ya usajili ya huku) ya kuhamisha gari nje ya nchi itumwe DVLA, ofisi ya usajili wa magari.

Kutoka Houston

Mzee, shikamoo, na dada ahsante sana. Shemeji, umesikia. Swali langu moja lililobaki: Challenger nimekuwa nayo miezi tisa. Nikiiuza sasa?

Kutoka Kizingo, Mombasa

Marahaba. Usiiuze. Iendeshe mpaka ipite miezi 12 kwa jina lako, bima isikatike hata siku moja. Halafu kabla hujalipa chochote Birmingham, nitumie mwaka na modeli ya Mustang uliyoiona, nilinganishe thamani yake na ya Challenger kwenye orodha. Ikizidi, tutatafuta ya mwaka wa nyuma kidogo au ile ya lita 2.3. Na uhesabu siku zako za likizo ya nyumbani kwa kutazama mihuri ya pasipoti, usitegemee kumbukumbu.