Naomba ushauri: kupunguza wavuta sigara kwa nusu ndani ya miaka 5, inawezekana?

Kijana_wa_Pwani:
Wakuu salama? Niko idara ya afya kwenye kaunti moja huku Pwani ya Kenya, tunaandika mpango wa miaka mitano na bosi anataka tuseme watu wazima wanaovuta sigara watapungua kwa nusu. Tunaanzia na ule utafiti wa kitaifa wa tumbaku wa 2014, uliokuta asilimia 7.8 ya watu wazima wanavuta. Mimi naona ni kubwa mno ila nikisema naonekana sina moyo wa kazi, na nikinyamaza miaka mitano ikifika tutaumbuka halafu bajeti ikatwe. Mlioshika mipango kama hii nisaidieni jamani

Mzee_wa_Takwimu:
Ndugu, nusu hamfiki. WHO yenyewe, Shirika la Afya Duniani, ilitaka matumizi ya tumbaku yapungue kwa asilimia 30 toka 2010 hadi 2025, hiyo ni miaka 15. Marekani 1998 walikuwa asilimia 24 hivi, wakajiwekea 12 ifikapo 2010, mwaka ukafika wako kwenye 19, wakaibeba ile ile 12 wakaipeleka 2020, na hao pesa wanazo. Pia hiyo 7.8 ifungue ndani: wanaume 15.1, wanawake 0.8. Lengo la sigara andika la wanaume.
Halafu utapima na nini? Ule utafiti haukutoa namba za kila kaunti. Mkihoji watu 400 mtapata wavutaji kama 31, kosa la sampo pointi 2.6 juu na chini, sasa hata mkishuka mpaka 5.5 nani atajua ni kazi yenu au ni bahati tu

Nesi_Mama_Z:
Mwanangu, ushuru wa sigara unapangwa Nairobi, kaunti hamuugusi, na bei ndiyo inayowaachisha wengi. Shikeni kilicho mikononi mwenu. Sheria ya 2007 inakataza kuuza chini ya sigara kumi lakini pita kibandani jioni uone, pakiti imefunguliwa kando ya peremende, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani, kijana anatoa sarafu anapewa moja anawasha hapo hapo. Wengi wanaanzia hapo na inaniuma sana!! Andikeni vibanda vingapi vitakaguliwa kila mwezi. Na kila anayekuja kliniki ya presha au TB aulizwe kama anavuta, iandikwe kwenye faili, asaidiwe kuacha. Ugoro na kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni) msiziruke, wanawake wanaotumia tumbaku wengi wako huko

Kijana_wa_Pwani:
Shikamoo mama, hivyo vibanda hata karibu na ofisi yetu vipo. Mzee, nikiandika wanaume wapungue kwa asilimia 15, yaani toka 15.1 hadi 12.8, nitaweza kuitetea?

Mzee_wa_Takwimu:
Hiyo nitasimama nawe. Ila 2014 ni mbali, mwaka wa kwanza pimeni upya kwenu, na ili tofauti hiyo ionekane mnataka wanaume si chini ya 3,500 kila raundi. Ongea na wahudumu wa afya ya jamii, nyumbani kwa watu wanaingia kila siku, waongezewe maswali mawili matatu

Nesi_Mama_Z:
Marahaba. Na wawaulize wanaume wenyewe, sio wake zao