Askofu John Wilkins: kigeugeu au mtu wa busara?

MzeeWaVitabu: Wakuu, nina kesi, mniamulie. Mwingereza John Wilkins, 1614 hadi 1672. Bunge lilipowatimua watu wa mfalme pale Oxford, 1648 yeye akapewa ukuu wa chuo cha Wadham. Mwaka uliofuata mfalme akakatwa kichwa, Wilkins yupo tu. 1656 akamwoa Robina, mjane, ndugu yake Cromwell mwenyewe, jemadari wa Bunge aliyempindua mfalme. 1659 akapewa ukuu wa chuo cha Trinity, Cambridge. 1660 ufalme ukarudi, akatolewa Trinity. Nikadhani kaisha. 1668 huyo, Askofu wa Chester! Kama huyu si bendera fuata upepo, ni nini?

Kipanga77: Si alimwoa binti wa Cromwell?

MzeeWaVitabu: Dada mtu, si binti. Someni kwanza.

DadaWaUpanga: Mzee, hilo "mjane" umeliweka hapo kama ila. Mimi mjane mwaka wa sita huu. Mtu akinioa kesho naye atakuwa anafuata upepo?

MzeeWaVitabu: Dada yangu, sikukukusudia. Nilimlenga shemeji, si bibi harusi.

Mkongojo: 1662 wachungaji kama 2,000 walipoteza parokia kwa kukataa masharti ya Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza. Wana wake, wana watoto, wakatoka. Mwenzao Wilkins akakubali, akapanda cheo. Sioni cha kujadili.

MtotoWaShemasi: Taratibu. Pale Wadham alipokea vijana wa pande zote. Christopher Wren, yule msanifu majengo, alisoma hapo huku baba yake mkubwa, askofu wa Ely, kafungiwa Mnara wa London na hao hao wakubwa wa Wilkins. Mgeni wake John Evelyn, mwandishi wa shajara, alifika 1654 akakuta mizinga ya nyuki ya kioo, imepangwa ghorofa kama kasri, unawaona nyuki wakifanya kazi na asali unavuna bila kuwaua. Akapewa mmoja mtupu aende nao kwake. Halafu 1670 ikaja sheria ya kuwabana waliokataa Kanisa. Mwanahistoria Burnet anasimulia kwamba mfalme alimwomba Wilkins anyamaze bungeni, akakataa. Akamwomba basi asihudhurie, akakataa tena. Bendera gani hiyo?

Mkongojo: Nyuki tena? Watu wamelala njaa, wewe unatuletea asali.

NgeliMoja: Mnaacha jambo lenyewe. Mwaka uleule wa uaskofu alitoa kitabu cha lugha aliyoitunga mwenyewe. Kila kitu duniani kakipanga katika koo 40. "De" ni elementi, "deb" moto, "deba" ulimi wa moto, "deta" upinde wa mvua. Ukisikia neno tu unajua ukoo wake. Si ndizo ngeli zetu hizi? Na moto wa London wa 1666 ulimlia karatasi zake, akaanza upya.

Kipanga77: Deba tupu haliachi kuvuma 😂

Mkongojo: Ngeli gani? Kiti na kifo vyote KI-VI. Vina ukoo gani?

NgeliMoja: Kwenye kifo watu huwekewa viti.

Mkongojo: Hiyo lugha ya Wilkins haikusemwa na mtu kwa sababu lugha haitungwi mezani. Ukitunga mezani unapata kitu kama Kiswahili sanifu.

BintiMvita: Hapo umesema! 1928 wakoloni walikutana hapa hapa Mombasa kuchagua lahaja ya kusanifisha, wakachagua Kiunguja. Kimvita kikaachwa mlangoni kwake. Sisi wenyewe nani alituuliza?

MtotoWaShemasi: Kiunguja kilishafika Kongo na misafara, dada. Wangechagua nini?

BintiMvita: Misafara ya nini, malizia sentensi. Mshairi Muyaka alitunga kwa Kimvita kabla mmisionari Krapf hajatia mguu.

NgeliMoja: Askofu Steere, mmisionari Mwingereza, alikaa Unguja, akaandika sarufi na akachapa vitabu. Aliyechapa ndiye aliyeshinda, hakuna uchawi hapo.

BintiMvita: Kwa hiyo lugha yangu ilishindwa na mashine. Ahsante.

DadaWaUpanga: Nasi wa Upanga tunasema kipi sasa?

Kipanga77: Cha daladala.

MzeeWaVitabu: Jamani, naomba turudi kwa askofu.

Kipanga77: Askofu yupi, Steere?

MzeeWaVitabu: WILKINS.

BintiMvita: Huyo angalau alitunga ya kwake, hakugusa ya mtu.