Naomba ushauri: baada ya Jim Reeves na Patsy Cline, nimsikilize nani?

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wanaoufahamu vyema muziki wa kantri wa Marekani. Nampenda mno Jim Reeves, ambaye katika "Four Walls" ya mwaka 1957 aliimba kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa karibu kabisa na maikrofoni, na Patsy Cline, ambaye katika "Crazy" ya mwaka 1961 anaivuta sauti taratibu hadi uchungu unasikika bila yeye kupaza. Wengi husema George Jones ndiye aliyewapita wote, nami kila nikisikiliza "He Stopped Loving Her Today" nakaribia kukubali. Je, nianze na nyimbo zake zipi nyingine? Na kwa wanawake, ni nani anayemkaribia Patsy? Natanguliza shukrani.