KaiOS: simu inayouzwa kwa kibandiko cha WhatsApp ilhali WhatsApp yenyewe haimo

Wadau, naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie hadi niimalize.

Novemba 2024 nilikwenda Luthuli Avenue, hapa Nairobi, kumtafutia mama yangu simu. Mama anaishi Mwatate, umeme wa kwake ni wa kuja na kwenda, na vidole vyake vilivyozoea jembe havielewani kabisa na kioo cha kugusa. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kuingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama chao, kwa kuwa katibu alikwisha kuacha kutuma ujumbe mfupi wa kawaida na taarifa zote zinapitia huko. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa ametembea hadi kanisani kwa mkutano ulioahirishwa tangu jana yake, akakuta mlango umefungwa na hakuna mtu.

Muuzaji akanitolea simu ya vitufe inayotumia KaiOS, mfumo endeshi wa simu za vitufe zinazoingia intaneti. Boksi lake lilikuwa na kibandiko cha kijani cha WhatsApp, kikubwa kuliko hata jina la simu. Nilimuuliza waziwazi kama WhatsApp inafanya kazi, akaniambia inaingia bila shida. Nikalipa shilingi 3,500, nikaituma kwa basi la usiku hadi Voi. Kesho yake jioni mama akanipigia: "Mwanangu, hapa kuna redio, kuna tochi, kuna kalenda. Hiyo ya kijani sijaiona." Nikamwelekeza afungue duka la programu na kuitafuta, kitufe baada ya kitufe, karibu saa nzima, salio likituishia mara mbili. Hatukuipata.

Usiku huo ndipo nilipojua kwamba tangu tarehe 25 Juni 2024 watumiaji wapya wa KaiOS hawawezi tena kupakua WhatsApp, na kwamba waliokuwa nayo tayari waliachiwa hadi mwanzoni mwa 2025 tu. Yaani nilipokuwa nikihesabu pesa kaunta ile, mlango ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya miezi minne, na kibandiko bado kinang'aa. Niliporudi dukani nikajibiwa kwamba simu haina kasoro, inapiga na kupokea, na ikishawashwa hairudishwi. Duka silitaji, na kampuni iliyotengeneza simu pia siitaji, kwa sababu sitaki uzi huu ugeuke kesi ya mtu mmoja.

Ninachotaka kusema ni kwamba mfumo huu haukukataliwa na wanunuzi kwa kukosa pesa au kwa kukosa wazo zuri. KaiOS ilichipuka kutoka kwenye Firefox OS ya Mozilla, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2013 na kufikia Desemba 2015 Mozilla ikatangaza kwamba inaacha kuiuza kwenye simu. Nchini India mfumo ulibebwa na JioPhone, simu ya vitufe ya bei nafuu, kuanzia 2017, na mwaka 2018 Google iliwekeza kwenye KaiOS dola milioni 22. Pesa peke yake haitoshi: Microsoft ilinunua biashara ya simu ya Nokia mwaka 2014, mwaka uliofuata ikafuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake, na mfumo wake wa simu, Windows Phone, ukafa hivyo hivyo kwa sababu programu ambazo watu walizitaka hazikuwepo au zilichelewa kufika.

Mtu hanunui mfumo endeshi. Ananunua njia ya kuwafikia watu wake, na watu wake wako WhatsApp. KaiOS ilijenga mvuto wake wote juu ya programu ya mwingine, na mwenye programu alipoamua kuondoka, aliondoka na sababu ya kuinunua simu. Hakukuwa na cha kuziba pengo hilo. Anayeandika programu hapa Nairobi, awe wa benki au wa kuita teksi, anaandikia Android kwanza kisha iPhone. Hana sababu ya kuihangaikia simu yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 na kioo kidogo kisichoguswa. Programu ya M-Pesa niliitafuta kwenye simu ya mama nisiione, kwa hiyo tukarudi kwenye *334#, namba ya kupata M-Pesa bila intaneti, kama mwenye simu yoyote ile.

Najua kuna atakayenijibu kwamba betri inadumu. Inadumu kweli, siku nne nzima, na hilo silipingi. Lakini mulika mwizi, ile simu ya kawaida ya tochi, ya bei nafuu zaidi nayo inadumu siku nne, na inapiga *334# vilevile. Upande wa pili, mwaka 2020 mpango wa Safaricom wa Lipa Mdogo Mdogo ulianza kumwezesha mtu kuchukua simu ya Android na kuilipia kidogo kidogo, kuanzia shilingi 20 kwa siku, na mwaka 2023 kiwanda cha Athi River kilianza kutoa simu za 4G kuanzia shilingi 7,499. Mwenye uwezo wa kulipa kidogo kidogo atabaki na KaiOS kwa lipi? Na kuandika kwenyewe ni adhabu: neno "mkutano" lina herufi saba, lakini ukiliandika herufi kwa herufi kwenye vitufe hivyo unabonyeza mara kumi na mbili.

Kinachoniuma zaidi ni nani anayebaki na hasara. Kijana wa mjini angegundua mapema na kuachana nayo. Wanaouziwa simu hizi ni wazee wa mashambani, wasiojua kukagua tarehe za programu, na wanaoamini kilichochapishwa kwenye boksi kwa sababu hawana kingine cha kuamini. Mama alidhani yeye ndiye asiyejua kuitumia. Aliniomba msamaha, wadau, kwa kosa ambalo si lake.

Ninataka wauzaji wabandue vibandiko hivyo, na Mamlaka ya Mawasiliano iwalazimishe wanaoingiza simu hizi kuandika kwenye boksi ni programu zipi hazipatikani tena. Aliyeuziwa simu ya KaiOS yenye kibandiko cha WhatsApp baada ya tarehe 25 Juni 2024 aweke hapa picha ya boksi na ya risiti, namba yake ya simu akiwa ameifunika, ili nikipeleka malalamiko rasmi nisiende na boksi moja la mama yangu.