Mnalia na filamu ya ubaguzi, dada wa kazi mmemficha jikoni

Kamwene wakuu. Wenye mioyo myepesi piteni mbali, leo nimefura.

Jumapili tulikuwa kwa mtu hapa Mbeya, watu wa heshima zao, wengi wa kanisani. Baada ya msosi ikawekwa Hidden Figures, ile ya mwaka 2016 ya wanawake watatu weusi waliokuwa wakipiga hesabu za NASA kule Virginia, Marekani, enzi za ubaguzi. Wengi mmeiona. Mmoja wao, Katherine Johnson, anakimbia na mafaili hadi jengo la mbali kutafuta choo cha weusi, akirudi bosi anamfokea alikuwa wapi. Ofisini wamemtengea birika lake la kahawa, maana wazungu hawataki kugusa alichogusa yeye. Pale alipolipuka mbele ya ofisi nzima, sebule ilinyamaza. Mama mwenye nyumba alilia hadi akavua miwani. Mzee mmoja akasema wale watu walikuwa mashetani. Hata mimi machozi yalinitoka, sitawadanganya.

Muda wote huo mlango wa jikoni uko wazi. Dada wa kazi, binti wa kwetu Mufindi, Iringa, yuko kwenye kigoda anakula kilichobaki. Filamu anaisikia tu. Kikombe chake ni cha plastiki, kimepakwa rangi ya kucha kwenye mkono ili kisichanganyike na vya wenyewe. Mimi mgeni nilipouliza choo nikaelekezwa cha ndani. Yeye marufuku, chake ni cha uani, hata usiku wa manane. Na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua.

Msiniletee ile ya "ni kama mwanangu". Mwanao analala stoo na mapipa ya unga? Mwanao anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, halafu sahani ikivunjika anakatwa hela?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandika popote "isipokuwa dada wa kazi". Saa 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki, likizo ya siku 28 yenye malipo. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Hela ya kitimoto na bia za jioni moja kwa baadhi yenu humu, na bado mnailipa kwa mafungu.

Halafu hii tabia ya kuagiza "dada wa Iringa" kama gunia la viazi! Mtu yuko Dar, anapiga simu Mafinga: nitafutie mmoja, asiwe mjanja, asiwe na simu. Eti wa huko ni watiifu, hawana maneno. Atakuwa na maneno gani wakati nauli ya kumrudisha kwao umeishika wewe?

Najua kuna mjuaji atakuja kusema ile ya choo kwenye filamu imeongezwa chumvi. Kweli, Katherine mwenyewe alishasema alikuwa akitumia kilichokuwa karibu na hakujali. Aliyekumbana na kisa cha choo ni mwenzake Mary Jackson. Haya, umeshinda. Cha uani kwako nacho kimeongezwa chumvi?

Na kabla hamjaniuliza mbona sikusema pale pale: nilisema. Nilianza kwa adabu kabisa, "Mama, huyu binti naye si aje aone?" Akacheka. "Ataelewa nini, Kiingereza chenyewe hajui." Wakati nusu ya sebule walikuwa wananigeukia mimi kila baada ya dakika, kasemaje huyo, kasemaje huyo! Nilipogusia kikombe ndipo nikaambiwa siwezi kuja kufundisha watu nyumbani kwao. Jioni nikakuta nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp. Wala sijaomba kurudishwa.

Sasa wenye dada majumbani mjibu hapa, bila kuzunguka: anakula wapi, anatumia choo kipi, na mara ya mwisho alipewa siku nzima ya kupumzika lini? Wa "ni kama mwanangu" mtaje na shule anayosoma.