Rula kwenye kioo: dp, xdpi na ydpi, au kadi ya benki?

FundiVipimo: Wadau, ninaandika programu ya rula ya Android na nimekwama kwenye uchaguzi wa kipimo. Nilichora rula ya wima kwa milimita za mfumo wenyewe, nikaifungua kwenye kishikwambi cha pikseli 1200 kwa 1920, kisha nikaweka rula ya plastiki pembeni: sentimita 10 za kioo ziliishia kabla ya sentimita 9 na nusu za plastiki. Kifaa kinasema xdpi (pikseli kwa inchi, kwa mlalo) ni 240 na ydpi (kwa wima) ni 254. Nitumie dp (kipimo cha Android cha kupangia ukubwa wa vitu kwenye kioo), nitenganishe xdpi na ydpi, au mtumiaji asawazishe mwenyewe kwa kuweka kadi ya benki juu ya kioo na kulinganisha mchoro nayo?

BintiPikseli: Mkuu, dp haikuundwa kupimia. Hutegemea kiwango cha pikseli kwa inchi kilichopangwa na mtengenezaji, kama 240, 320 au 480, ambacho hata mtumiaji anaweza kukibadilisha kwenye mipangilio. Uzuri wake ni kwamba hutumia kizidishio kimoja pande zote mbili, hivyo duara la kitufe haligeuki yai. Vitufe viachie dp. Kuhusu milimita, Android huzigeuza kuwa pikseli kwa xdpi peke yake, hata mstari ukiwa wima, ndiyo maana sentimita zako 10 zilipata pikseli 945 badala ya 1000.

MzeeWaVioo: Kabla ya kuzitenganisha, pima sehemu ya kioo inayowaka. Vioo vya simu karibu vyote vina pikseli za mraba. Xdpi na ydpi zikipishana kwa desimali si neno, lakini 240 kwa 254 inanitia shaka.

FundiVipimo: Nimepima, mzee. Upana ni sentimita 12, urefu 19.2.

MzeeWaVioo: Basi ni pikseli 100 kwa kila sentimita, mlalo na wima, yaani 254 kwa inchi, na xdpi ndiyo iliyokudanganya. Naona 240 ni miongoni mwa vile viwango alivyovitaja binti. Huenda kiwandani waliijaza hiyo bila kupima. Ungetenganisha, rula ya wima ingepona, ya mlalo ingebaki fupi, na mraba wako ungekuwa mstatili.

BintiPikseli: Nakubaliana na mzee, xdpi haiaminiki; hivyo chagua kadi. Kadi ya benki ina milimita 85.60 kwa 53.98 popote ilikotolewa, na kwenye kifaa chako itafunika pikseli 856 kwa 540. Ukija kuandika ya iPhone utaihitaji vilevile, kwa kuwa mfumo wake hauipi programu idadi ya pikseli kwa inchi.

FundiVipimo: Na simu nyembamba, ambayo kadi ikilazwa inazidi upana wa kioo?

BintiPikseli: Isimamishe: upande mrefu utakupa kipimo cha wima na mfupi cha mlalo, kwa mkupuo mmoja. Mwambie mtumiaji alinganishe kingo, asihangaike na kona, kwa sababu kona za kadi ni za mviringo.